Saa Tatu ya Nani? Dhana za Wageni Wanaofika Moshi

Kwa miaka kadhaa nyumba yetu ya Rau imekuwa ikipokea wageni wa muda mfupi, wengi wao wanafunzi kutoka Ulaya wanaokuja kujitolea katika shule na zahanati, na nimejifunza kwamba mgeni hahitaji zaidi ya wiki moja kuwa na maoni kamili kuhusu maisha yetu. Baadhi ya maoni hayo huyabeba kutoka kwao. Mengine, na haya ndiyo yanayonisumbua zaidi, tumempa sisi wenyewe kisha tukamcheka kwa kuyaamini.

Dhana inayosemwa mapema kuliko zote ni kwamba hatujali saa. Mwaka mmoja mgeni wetu aliahidiana na mwalimu jirani wakutane kwenye mgahawa ulio karibu na Mnara wa Saa. Mwalimu alimtajia namba tatu kwa Kiingereza, akiihamisha kama ilivyo kutoka kwenye saa tatu ya asubuhi iliyokuwa kichwani mwake, akasubiri hadi chai ya pili ikapoa. Mgeni alifika saa tisa alasiri, akiwa amewahi kwa hesabu yake, na jioni kila mmoja akanieleza kwa masikitiko kwamba mwenzake hana adabu ya muda.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyechelewa. Kiswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza na za usiku linapozama, hesabu inayowezekana kwa sababu Moshi iko nyuzi tatu na kitu tu kusini mwa ikweta, ambako jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili asubuhi mwaka mzima, likitofautiana kwa muda usiofika saa moja. Mtu wa Norway, ambaye kwao mchana wa Desemba ni mfupi mno na ule wa Juni ni kama hauishi, asingeweza kujenga saa juu ya jua lake. Ndiyo maana mshale mfupi ukikaa kwenye tisa yeye anasoma tisa, nasi tunasoma tatu, namba inayotazamana nayo. Anayepaswa kutafsiri ni yule anayezijua hesabu zote mbili, na mara nyingi huyo ni mwenyeji. Harusi zetu huchelewa kweli, na hilo silitetei. Lakini msafiri anayedhani kwamba basi la alfajiri la Dar es Salaam litamngoja ataambulia vumbi lake.

Dhana ya pili ni kwamba Waswahili husalimiana kwa neno “Jambo”. Hili tumelipanda wenyewe, kuanzia kwa vijana wanaouza bangili na picha mitaani hadi mapokezi ya hoteli. Salamu yenyewe ni “hujambo”, yaani huna jambo lililokusibu, na jibu lake ni “sijambo”. Ukiliondoa kanusho, kinachobaki ni jina tupu lisilouliza wala kujibu kitu. Mgeni akiisha kufundishwa “shikamoo” huitoa kwa kila mtu, pamoja na kijana wa bodaboda anayelingana naye kwa umri, ambaye kwa kawaida huitikia “marahaba” kwa furaha isiyo na kifani.

Wapo pia wanaoona kwamba salamu zetu ndefu ni unafiki, kwa kuwa mama aliyejibu “nzuri” dakika moja baadaye anaeleza kuwa mtoto amelazwa. Lakini ile “nzuri” ni kuupokea uso wa aliyekuja; habari zenyewe hufuata baada ya neno “ila”, na anayekatisha salamu kabla ya “ila” ndiye asiyepata habari. Vivyo hivyo neno “nakuja” kutoka kwa mtu anayetoka mlangoni halina uongo ndani yake: anaahidi kurudi, ingawa haahidi lini.

Kuhusu machifu nitasema kwa ufupi. Mgeni mmoja alipoagizwa sabuni “kwa Mangi” alivaa shati la mikono mirefu, kwa sababu alikuwa amesoma habari za Mangi Meli, yaani chifu Meli wa Old Moshi, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Cheo hicho kilifutwa baada ya uhuru, na leo jina hilo huitwa Mchagga yeyote mwenye duka.

Mwisho ni mlima na hali ya hewa. Kibo, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, hakionekani siku nzima kama kwenye picha. Mawingu hukifunika mchana, na aliyeamka alfajiri au aliyetulia hadi jioni ndiye hukiona. Wala si kila mkazi wa Moshi ameupanda mlima huo, kwani wengi wanaoupanda mara kwa mara ni waongozaji na wagumu wanaobeba mizigo ili watoto waende shule. Dhana kwamba Afrika ni joto tupu huishi hadi Julai, asubuhi zinapokuwa za mawingu na baridi hata hapa mjini, chini ya mita 1,000, na Arusha, iliyo takriban mita 1,400, huwa kali zaidi. Mgeni wetu wa mwisho, aliyekuja na fulana tupu, ilibidi apelekwe kwenye mitumba ya Memorial, akachagua sweta zito la sufu ambalo, kwa mujibu wa lebo yake, lilikuwa limetoka kwao.