Ufuo Mmoja, Mawimbi Matatu

Swali ninaloulizwa kuliko yote, tena na watu ambao hata ubao wa kutelezea mawimbini hawajaushika, ni hili: "Hapa panamfaa anayeanza?" Nami hujibu kwa swali: saa ngapi? Wengine hudhani nakwepa, lakini sikwepi. Kazi yangu ni kufundisha watu kuteleza mawimbini katika bahari za joto, na nimeona ufuo uliomlea mtoto wa miaka minane saa mbili asubuhi ukimtegua bega mtu mzima saa nane mchana wa siku hiyohiyo. Tangazo linaposema pwani fulani ni ya "viwango vyote" huenda linasema kweli. Ila limeacha nusu ya habari, kwamba hao wote hawakai mahali pamoja wala hawaingii majini saa moja.

Kisa chenyewe ni sakafu ya bahari.

Wimbi zuri la kuteleza halitokani na upepo unaokupiga usoni ukiwa ufuoni. Limetoka kwenye dhoruba iliyovuma mbali sana, pengine siku nyingi zilizopita. Mawimbi yanayofika Waikiki, Hawaii, katikati ya mwaka huanzia kwenye dhoruba za majira ya baridi kule kusini kabisa mwa Pasifiki. Maji yenyewe hayasafiri hivyo, ni nguvu tu inayopita ndani yake. Ndiyo maana ukisoma utabiri usitazame kimo cha wimbi peke yake. Tazama na sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Kwenye kilindi, mawimbi ya sekunde 8 huachana kwa takriban mita 100 kutoka kilele hadi kilele, na huanza kuigusa sakafu penye kina cha mita 50 hivi. Ya sekunde 16 huachana kwa mita 400, na huanza kuigusa sakafu penye mita 200. Kwa hiyo mawimbi mawili yaliyoandikwa "mita 1" si ndugu. Lile la sekunde 16 limebeba nguvu mara mbili ya mwenzake, na likifika penye maji haba huumuka kuliko ulivyotarajia. Mwanafunzi wangu wa siku ya kwanza simpeleki majini zikizidi sekunde 12, hata bahari ionekane imelala.

Likishafika karibu, wimbi huvunjika pale kina kinapobaki kama mara 1.3 ya kimo chake, maana yake la mita 1 litavunjika penye maji ya mita 1.3 hivi. Naipenda hesabu hii kwa sababu inakupimia bahari bila kamba: palipo na povu pana maji haba, na palipo kimya pana kina. Tena namna wimbi linavyovunjika inategemea mteremko. Sakafu ikipanda polepole, kilele humomonyoka taratibu na kuporomoka kwa mbele kama mchanga wa kichuguu. Ikipanda ghafla, kama kwenye mwamba wa matumbawe, wimbi husimama wima, hujikunja na kutupa maji yake mbele kwa kishindo.

Basi ghuba ya maji ya joto yenye mchanga ndani, fungu (tuta la mchanga chini ya maji) katikati na mwamba nje ina mawimbi matatu kwenye ufuo mmoja. Hiyo ndiyo pwani ya viwango vyote. Duke Kahanamoku, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya kuogelea mita 100 mwaka 1912 na tena 1920, anasimuliwa kwamba mwaka 1917 aliteleza zaidi ya kilomita moja na nusu juu ya wimbi moja huko Waikiki, kutoka miamba ya nje hadi karibu na ufuo. Nikiwaza safari ile naona mtu aliyepita madarasa yote kwa pumzi moja.

Darasa la povu

Anayeanza aanze ndani, maji yakiwa kati ya mapaja na kiuno, mahali ambapo wimbi limeshavunjika na limebaki povu linalosukuma. Wengi huona aibu kukaa hapo. Wanawatazama wenzao walioko nje na kuona kama wamebakizwa pamoja na watoto. Mimi nakaa hapo na wanafunzi wangu kwa siku tatu nzima, na sijawahi kujutia hata saa moja, kwa sababu povu lina kitu ambacho wimbi la nje halina: linakuja tena na tena. Ndani ya saa moja unaweza kujaribu kusimama mara 30. Kule nje, mgeni akipata mawimbi matatu kwa saa amebahatika.

Ubao uwe mkubwa, mlaini juu, wa futi 8 au 9, wenye ujazo wa zaidi ya lita 70. Mtaalamu hutumia ubao wa lita 25 hadi 30, na ndio mwanafunzi anaoutamani kwa sababu unabebeka kwapani na unapendeza. Umpe huo, utamwona akizama kama jiwe. Ubao mkubwa hukusamehe ukikosea pa kulala, na hulidaka wimbi mapema kabla halijawa kali. Kwenye maji ya joto una faida nyingine tena: huna vazi zito la mpira mwilini, mabega yako huru, na ukianguka unainuka ukicheka. Katika maji ya baridi nimeona watu wakikata tamaa kwa kutetemeka tu, kabla hawajajua kama wangeweza.

Kosa ninalolisahihisha kila siku ni macho. Mtu anainuka, anatazama miguu yake kuhakikisha ipo mahali pake, na papo hapo anaanguka. Mwili hufuata kichwa, na kichwa kikiinama mabega huinama nacho, uzito unahamia omo, yaani mbele ya ubao, na ubao unachoma maji. Huwa nasimama ufuoni nikiinua vidole, na mwanafunzi anatakiwa anitajie ni vingapi huku akisimama. Wanaotaja sawasawa karibu wote husimama. Kosa la pili ni kupiga magoti kwanza. Goti ni kituo, na ukishatua hapo wimbi linaondoka bila wewe. Lala kifudifudi, viganja chini ya mbavu, sukuma, na miguu yote miwili ije pamoja chini yako. Lifanye mara 20 mchangani kabla hujalowa.

Jingine kuhusu mchanga wa maji ya joto: taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hupenda kujifukia humo. Usinyanyue miguu unapotembea, iburuze, naye atasikia mtikisiko na kuondoka zake. Ukichomwa, maji ya moto, ya kiasi ambacho ngozi inavumilia bila kuungua, hupunguza maumivu kuliko kitu kingine ninachokijua, kisha ukaonane na daktari.

Saa inavyogeuza ufuo

Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika 12 hivi, na kila siku ratiba husogea mbele kwa karibu dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama huja bamvua, maji hujaa sana na kupwa sana. Katikati yake ni maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Mwanafunzi asiyejua haya ataniambia, "Lakini jana saa hizi palikuwa pazuri." Jana, ndiyo. Leo maji yamechelewa karibu saa moja.

Maji yakijaa mno, mawimbi madogo hupita juu ya fungu bila kulihisi, kisha huvunjika yote kwa pamoja ukingoni mwa ufuo, kwenye maji ya magoti. Hapo ndipo mabega huteguka na shingo huumia, ingawa kwa macho panaonekana pa kuchezea. Maji yakipwa mno, mwamba wa nje unatoa meno na fungu la katikati linakuwa kama sakafu ya saruji. Saa ninazozipenda kwa wanaoanza ni zile za katikati, maji yakiwa yanajaa, tena wiki ya maji mafu. Ukipanga safari ya kujifunza, tazama kalenda ya mwezi kabla ya kutazama vyumba.

Upepo nao una ratiba. Pwani nyingi za joto huamka na upepo mwembamba utokao bara, unaolishika wimbi usoni na kulinyoosha. Jua likishapasha nchi kavu, upepo hugeuka na kuvuma kutoka baharini, na wimbi linakuwa la vurugu. Ndiyo sababu tunaamka gizani.

Hatua ngumu ni ya katikati

Ninavyoona mimi, anayeteseka zaidi ni yule aliyeanza muda kidogo. Anasimama vizuri kwenye povu, sasa anataka wimbi ambalo bado halijavunjika, na ghafla kila kitu ni kipya. Inabidi apige makasia kwa mikono hadi nje, ajue wimbi lipi ni lake, ageuze ubao kwa wakati, kisha ateleze kwa kushoto au kulia badala ya kwenda moja kwa moja ufuoni. Wengi huachia hapa. Ningependa wajue kwamba kazi ya hatua hii ni ya macho kuliko mikono. Mawimbi huja kwa mafungu, pengine matatu, pengine saba, kisha bahari hutulia. Kaa pembeni uhesabu. La kwanza liache lipite, kwa sababu ukilikosa, yanayofuata yatakuvunjikia kichwani.

Nje kule kuna sheria, na haina mkubwa wala mdogo: aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapoanza kuvunjika ndiye mwenye wimbi. Mwingine anavuta ubao wake nyuma. Na usiutupe ubao ili upige mbizi chini ya povu, hata kama umefungwa kamba mguuni. Kamba na ubao kwa pamoja vinafika mita 5 nyuma yako, na huko nyuma kuna uso wa mtu.

Njia ya kwenda nje ndiyo inayonisikitisha ikisomwa vibaya. Maji yanayoletwa na mawimbi lazima yarudi, nayo huchagua mlango wenye kina kati ya mafungu mawili ya mchanga. Pale hapana povu, maji ni ya rangi nzito, panaonekana shwari, na ndipo mzazi anapowapeleka watoto. Ni mkondo, na ukipata nguvu huzidi mita 2 kwa sekunde, mwendo ambao muogeleaji wa kawaida haushindi. Mtelezaji mzoefu huutumia kama ngazi ya kumfikisha nje bila kuchoka. Mgeni akiingia humo hupambana kurudi alikotoka hadi nguvu zimwishie. Ukichukuliwa, shikilia ubao, kwa kuwa unaelea, kisha kata kwa ubavu, sambamba na ufuo, hadi uone povu. Povu litakurudisha.

Juu ya mwamba

Kuhusu mwamba wa nje nitasema machache, maana anayestahili kuwa huko anajua. Uluwatu kule Bali, Teahupo'o kule Tahiti palipofanyika mashindano ya kuteleza ya Olimpiki mwaka 2024: hizo zote ni bahari za joto, maji maangavu, na chini yake matumbawe. Uangavu huo hudanganya, ukidhani una kina kumbe unaona chini kwa sababu chini ni karibu. Mara yangu ya kwanza juu ya mwamba niliingia maji yakipwa, nikaanguka kwa miguu kama nilivyozoea mchangani, na kisigino changu kina alama hadi leo. Juu ya mwamba unaanguka bapa, kwa mgongo au kwa ubavu, mikono ikifunika kichwa, na huweki mguu chini hata kidogo. Mkwaruzo wa tumbawe usuguliwe vizuri kwa maji safi na sabuni siku hiyohiyo. Vipande vyake hubaki ndani, na kidonda huchelewa kupona.

Wala usidhani maji ya joto hayakuchoshi. Maji huondoa joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa, hivyo hata yakiwa ya nyuzi 27, baada ya saa mbili utaanza kulegea bila kujua kwa nini. Vaa fulana ya mikono mirefu, itakukinga na jua pia. Usoni tumia dawa ya zinki. Hawaii ilipiga marufuku kuanzia Januari 2021 uuzaji wa mafuta ya jua yenye kemikali za oksibenzoni na oktinoksati kwa ajili ya kulinda matumbawe, na kwangu hilo linaeleweka: mwamba ukifa na kumomonyoka, wimbi lake nalo linaondoka.

Niliwahi kumfundisha mama mmoja wa miaka 61. Wiki ya kwanza yote tulikuwa kwenye povu. Wiki ya pili, siku moja kabla ya adhuhuri, nilimkuta ameketi mchangani na ubao wake pembeni, vijana wakiingia majini mbele yake wakimwita. Nikamuuliza kama anaumwa. "Hapana, mwalimu," akasema, akinionyesha mstari wa unyevu uliokuwa umesogea mbali na mchanga mkavu. "Maji yanapwa, na bamvua ni juzi tu. Lile fungu litakuwa gumu." Tukakaa kivulini tukihesabu mafungu ya mawimbi. Saa nane na nusu maji yalikuwa yameshaanza kurudi, akainuka, akafunga kamba mguuni.