Nyota wa filamu ni nani? Si kila steringi ni staa

Kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu kulikuwa na ubao mweusi mlangoni. Mwenye kibanda hakuwa na shida ya kuandika jina la picha. Aliandika kwa chaki "Van Damme, saa 10 jioni", basi. Hakuna aliyeuliza picha inahusu nini wala imetengenezwa na nani. Tulitoa hela zetu kwa ajili ya mtu mmoja, na tungezitoa hata kama picha ingekuwa mbovu. Huyo ndiye nyota wa filamu: mtu ambaye jina lake peke yake linajaza ukumbi kabla picha haijawashwa.

Steringi ni kitu kingine. Usteringi ni nafasi ndani ya hadithi, ya yule anayepigwa mwanzoni na kulipiza kisasi mwishoni, ambaye watoto wote wanajua hafi. Picha ikiisha na nafasi hiyo imeisha. Nyota hubaki nyota hata akiwa sokoni ananunua nyanya. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa steringi mara hamsini asiwe nyota hata siku moja, na ushahidi wa wazi ni maisha ya mwanamke ambaye wengi humwita nyota wa kwanza wa filamu, Florence Lawrence.

Alizaliwa mwaka 1886 huko Hamilton, Ontario, nchini Kanada. Mama yake, Charlotte, alikuwa mwigizaji wa jukwaani mwenye kundi lake mwenyewe, na Florence alipandishwa jukwaani angali mtoto. Alipogeukia filamu, kilichomfungulia mlango mwaka 1907 ni kwamba alijua kupanda farasi, na kampuni ya Edison ilikuwa ikitafuta watu wa namna hiyo kwa picha ya Daniel Boone, mwindaji maarufu wa Marekani ya zamani. Mwaka 1908 akahamia Biograph ya New York, kwa mwongozaji D. W. Griffith, kwa mshahara wa dola 25 kwa wiki.

Pale Biograph alicheza kama mashine. Picha zilikuwa bubu na fupi, za dakika kumi au kumi na tano, na zilitoka kila wiki. Leo ni mke mwenye wivu, kesho ni msichana aliyetekwa, keshokutwa ni Bi Jones katika vichekesho vya mume na mke vilivyopendwa sana. Alikuwa steringi wa makumi ya picha, na jina lake halikuandikwa kwenye hata moja.

Ukiitazama picha ya Biograph ya miaka ile, angalia ukuta nyuma ya waigizaji. Mara nyingi utaona kibandiko chenye herufi AB, kimepachikwa sebuleni kana kwamba ni pambo la nyumba. Ilikuwa alama ya kampuni, iliyowekwa humo ili wezi wa picha wasiweze kuikata. Kila nikiiona huwa naumia kidogo. Kampuni ilihakikisha jina lake haliwezi kufutwa kwenye ukuta wa mbao, ilhali mwanamke aliyesimama mbele ya ukuta huo, ambaye ndiye watu walimfuata, hakuwa na jina.

Sababu kubwa ilikuwa hela. Mwenye kampuni alijua kwamba mwigizaji akishajulikana atadai nyongeza. Tena biashara yenyewe haikumhitaji: mikanda iliuzwa kwa urefu, kwa futi, kama kitambaa dukani, na mwenye ukumbi alinunua chapa ya kampuni. Waigizaji wengine nao waliona haya kujulikana wanacheza filamu, kwa kuwa jukwaa ndilo lilikuwa na heshima.

Lakini watazamaji wana macho. Waliikariri sura yake, wakaanza kuandika barua kuuliza yule dada ni nani. Kampuni ikakaa kimya. Wakambatiza wenyewe: Msichana wa Biograph. Wale watazamaji walikuwa wakifanya kile kile alichofanya yule mwenye kibanda wetu na chaki yake, ila wao hawakuwa na jina la kuandika.

Mwaka 1909 aliachana na Biograph, na Carl Laemmle, mwenye kampuni changa ya IMP, akamchukua. Laemmle alielewa kwamba jina lililofichwa ni mali iliyolala. Machi 1910 IMP ilitoa tangazo katika gazeti la Moving Picture World, likilaumu washindani kwa kueneza uvumi kwamba Florence amekufa kwa kugongwa na tramu, na kutangaza kuwa yu mzima na anaendelea kucheza. Wengi wanaamini uvumi huo aliupika Laemmle mwenyewe. Mwezi huo huo Florence akapelekwa St. Louis aonekane kwa macho, na umati ukafurika kumlaki. Watu hawa hawakuja kutazama picha. Walikuja kumtazama yeye. Wapo wanaosema mwigizaji Mfaransa Max Linder alikwisha kuwa na jina wakati huo, na hoja yao ina uzito, lakini kwa Marekani siku zile ndizo jina la mwigizaji lilipoanza kushindana na jina la kampuni.

Kule Biograph, jina la Msichana wa Biograph lilihamishiwa kwa mwigizaji mwingine, Mary Pickford, kama sare ya kazi inavyokabidhiwa mfanyakazi mpya. Pickford naye akaondoka, na kufikia mwaka 1916 mkataba wake ulikuwa wa dola 10,000 kwa wiki. Hofu ya wenye kampuni ilikuwa sahihi kabisa.

Florence hakufaidi sana. Mwaka 1912 alifungua kampuni yake, Victor, pamoja na mumewe Harry Solter. Baadaye moto wa kuigiza ukawashinda nguvu wakati wa kupiga picha, akaungua na kuumia mgongo, na hakurudi tena katika hali yake. Alipenda magari, akabuni mkono wa kuonyesha dereva anakata kona upande gani, na kibao cha nyuma kinachoinuka breki ikikanyagwa. Hakuvisajili kama mali yake. Katika miaka ya 1930 alikuwa akipewa vijisehemu vidogo na kampuni ya MGM, kati ya watu wa kujazia picha. Desemba 1938, akiwa mgonjwa, alijitoa uhai.

Alizikwa Hollywood, na kaburi lake likakaa bila jina hadi mwaka 1991, mwigizaji mmoja alipolipia bamba. Bamba hilo linamtaja kwa jina lake, Florence Lawrence, kisha Msichana wa Biograph, kisha nyota wa kwanza wa filamu. Mwaka wa kuzaliwa uliochongwa ni 1890, nao umekosewa.