Hamilton aliruhusiwa kugombea urais, someni kifungu mpaka mwisho

Wiki hii tena. Namalizia kipindi, mwanafunzi mmoja ananiambia kwa kujiamini kabisa kwamba Alexander Hamilton, mmoja wa waasisi wa Marekani, hakuwa rais wa nchi hiyo kwa sababu katiba ilimzuia, si alizaliwa nje? Darasa zima likaitikia. Nimechoka na hili jambo. Linaanzaga na kumuona kwenye noti ya dola 10 wakadhani alikuwa rais, ukiwarekebisha ndo wanakimbilia hapo.

Ni kweli alizaliwa Nevis, kisiwa cha Karibi chini ya Waingereza, nje ya ndoa, mama akafa 1768, mtoto akawa karani wa wafanyabiashara kule St. Croix. Sawa. Sasa chukua Ibara ya 2 ya katiba yao uisome taratibu: rais awe raia wa kuzaliwa, AU awe raia wa Marekani wakati katiba hii inapitishwa. Hiyo "au" jamani, na Hamilton alikuwa raia tayari! Watu wanasoma nusu ya kwanza wanafunga kitabu. Bila hiyo "au" nani angekuwa rais? Washington kazaliwa 1732, nchi imetangaza uhuru 1776, kwa hiyo kazaliwa chini ya mfalme wa Uingereza kama Hamilton tu, Adams hivyohivyo, Jefferson hivyohivyo, mpaka ufike kwa Van Buren, rais wa 8, kazaliwa 1782, ndo unampata wa kwanza aliyezaliwa baada ya uhuru.

Cha kumzuia mwanzoni kilikuwa umri, maana katiba inataka rais awe na angalau miaka 35. Na hapo kuna utata, maana mwenyewe alisema kazaliwa 1757 ila karatasi za mirathi ya mama yake zinaonyesha 1755. Naegemea 1755, lakini kuapa siapi. Vyovyote vile, uchaguzi wa 1792 ulimkuta ametimiza.

Kazi yake ya waziri wa fedha wa kwanza, 1789 hadi 1795, serikali kuu kubeba madeni ya majimbo, benki ya taifa ya 1791, hayo mnayajua.

Basi kwa nini hakuupata? Mwaka 1797 alichapisha kijitabu akikiri kutembea na mke wa mtu, Maria Reynolds, ili aonyeshe kwamba pesa alizompa mumewe ni za kumfunga mdomo na hakugusa hela ya serikali. Yaani bora aitwe mzinzi kuliko mwizi. Zamani nilifundisha kwamba hapo ndo alikwisha, siku hizi nina mashaka. Naona zito zaidi ni la 1800, mwaka wa uchaguzi, alipoandika kurasa 54 za kumponda Adams, rais wa chama chake mwenyewe cha Federalist, halafu mwishoni hawaambii watu wamnyime kura! Barua ikavuja, wapinzani wakaitangaza, chama kikapasuka na uchaguzi wakashindwa. Aaron Burr, makamu wa rais wakati huo, alipompiga risasi na kumuua kwenye pambano la bastola la watu wawili kule Weehawken, New Jersey, Julai 1804, chama kilikuwa hakimsikilizi tena kama zamani.