Pweza wa pete za bluu: ya kwenye simu na ya baharini

Bamvua likiingia, maji ya ghuba ya Mikindani hukupwa mbali, na akina mama hushuka miambani na vyuma vyao vya kuchokolea pweza. Safari hii niliwakuta wamekaa mchangani, simu inapita mkono kwa mkono. Ndani yake pweza mdogo wa manjano, mwili mzima pete za bluu, na sauti inasema ameshaingia pwani ya Kusini, akikugusa tu umekufa. Bibi mmoja, ambaye ameanza kuchokoa kabla sijazaliwa, akaniuliza: "Mjukuu wangu, ndiyo tuache kazi?"

Hapana, bibi. Pweza huyo yupo kweli, ila makao yake ni upande wa Japani, Ufilipino, Indonesia na Australia. Tunayemchokoa huku ni mwingine, kwa jina la kitaalamu Octopus cyanea. Hapo ndipo panapochekesha kidogo, maana hilo "cyanea" limetoka kwenye Kigiriki na maana yake ni bluu iliyoiva, ilhali mnyama mwenyewe tumemzoea wa kahawia. Ana doa jeusi la duara chini ya kila jicho, kama jicho la bandia. Asiyemzoea akiliona doa hilo baada ya kutazama video, anapiga kelele.

Wengine waliamini pweza wa kuua lazima awe mkubwa. Huyu mwili wake hauzidi ndimu, na ukimnyoosha minyiri yote anafika sentimita 12 hadi 20. Na hawaki saa zote kama taa ya duka. Akitulia ana rangi ya mchanga au ya mwani, humtambui. Akichokozwa, misuli iliyozunguka kila pete hujikaza na kufunua ngozi inayorudisha mwanga, na pete zote, zipatazo 60, huwaka chini ya nusu sekunde. Hapo anakuonya. Wanaoumwa mara nyingi ni wale wanaomwona pambo, wakamweka kiganjani. Mwaka 1954, karibu na mji wa Darwin huko Australia, mpiga mbizi mmoja kijana alimwacha atembee mabegani mwake. Akaumwa shingoni, akafa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo kumgusa tu si kufa, wala harushi sumu kama wino. Kifuko chake cha wino kimedumaa. Sumu imo kwenye mate, nayo hupita kwenye mdomo mgumu unaofanana na wa kasuku, uliofichwa katikati ya minyiri. Pweza wetu naye ana mdomo huohuo na mate yenye sumu kidogo ya kulegeza kaa. Mama yeyote wa Mikindani aliyewahi kuumwa atakwambia panauma na kuvimba, kisha yanakwisha.

Ila sumu ya yule wa bluu si ngeni kwetu, na hili ndilo lililowanyamazisha. Ni tetrodotoksini, ileile ya bunju. Nasema samaki bunju, si Bunju ya Dar es Salaam. Kila mtoto wa pwani ameambiwa asile bunju, na aliyeona mtu aliyekula anajua mwendo wake: midomo na ulimi kufa ganzi, maneno kukwama, miguu kulegea, pumzi kukata. Sumu hii huziba vijitundu ambamo chumvi ya sodiamu hupita kwenye mishipa ya fahamu, hivyo amri ya ubongo haifiki kwenye misuli, hata ile ya kupumulia. Pweza mwenyewe haimdhuru kwa sababu vijitundu vyake vina umbo tofauti kidogo. Na kama ilivyo kwa bunju, moto hauiondoi. Chemsha, kaanga, kausha juani, sumu ipo palepale.

Hapo zikaja tiba za mtaani: ya kuchanja jeraha kwa wembe, ya kufunga kamba, ya mkojo. Hakuna hata moja inayosaidia. Dawa ya kuua sumu hiyo haipo. Kinachomponya mtu ni pumzi: apuliziwe mdomo kwa mdomo bila kukatizwa mpaka afikishwe hospitali kwenye mashine, kwa saa nyingi, hadi mwili uitoe sumu wenyewe. Jeraha likiwa mkononi au mguuni, wenzetu wa Australia hulifunga bendeji pana ya kubana na kumlaza mtu asitikisike. Na jambo la kutisha kuliko yote ni kwamba aliyepooza hivyo anaweza kuwa anasikia kila neno. Msianze kumlilia.

Bibi akataka kujua kama sumu hiyo ni ya kuulia watu. Tulicheka. Pweza huyo anatafuta kaa na kamba wadogo, basi. Ingawa mwaka 2025 watafiti wa Queensland walieleza jambo la ndoa: katika aina moja yenye mistari ya bluu, jike ni mkubwa kuliko dume na anaweza kumla, kwa hiyo dume humuuma karibu na mshipa mkuu wa damu, akampooza kwa muda, ndipo wakapandana.

Jike huyo akishataga huyabeba mayai chini ya minyiri, hali hadi yaanguliwe, kisha anakufa. Wa kwetu hulinda yake shimoni, naye hafiki mbali baada ya hapo.

"Hao wa mayai nawajua," bibi akasema huku akinyanyuka na chuma chake. "Wamekonda, nyama kama mpira. Mie huwapita."