Banda la vipande nalo linataka msingi

Wengi hapa Dar wanaamini banda la uani linalonunuliwa vipande vipande, la kuunganisha kwa bolti, linawekwa tu juu ya udongo kwa sababu ni jepesi. Hapana jamani! Wepesi huo ndio unaolifanya lihitaji kushikwa: upepo ukiingia chini ya bati, unalinyanyua. Na mchwa je? Juzi Mbagala nilibonyeza mguu wa nguzo ya banda moja. Nje rangi inang'aa, ndani kidole kikazama kwenye unga. Mwaga zege kila kona, zamisha vipande vya nondo vya kufungia nguzo, na mbao zisiguse udongo. Wahi kabla masika hayajaanza Machi. Ukinunua bati, kumbuka geji, yaani kipimo cha unene wake, huenda kinyume: 28 ni nene kuliko 30.