Diski ya Nakala Rudufu: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Laptopu ina nywila na alama ya kidole. Kila Ijumaa kila kilichomo kinanakiliwa kwenye diski ya nje, kisha diski inawekwa kwenye droo isiyo na kufuli. Ndani yake mna vivuli vya vitambulisho, mikataba, orodha za mishahara na picha za watoto za miaka kumi. Anayetaka taarifa hizo hana haja ya kuigusa laptopu. Dhana zinazotufikisha hapa si nyingi, na ya kwanza ndiyo mzazi wa zilizobaki.

"Kompyuta yangu ina nywila, basi na diski iko salama."

Nywila ya kuingilia Windows hulinda mlango wa Windows hiyo peke yake. Ichomeke diski kwenye kompyuta ya jirani na itafunguka bila kuuliza chochote. Zile ruhusa za mafaili zinazokuambia huwezi kufungua folda fulani huondolewa na yeyote mwenye akaunti ya msimamizi kwenye mashine yake, na Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ikiwashwa kutoka kwenye flashi huzipita bila kusimama. Folda iliyofichwa nayo huonekana kwa kuweka tiki moja kwenye mipangilio.

Kinacholinda ni usimbaji fiche: data yenyewe inageuzwa kuwa mchafuko usiosomeka bila ufunguo, popote diski itakapochomekwa. Tofauti hii ina uzito. Oktoba 2007 mamlaka ya kodi ya Uingereza, HMRC, ilituma CD mbili zikapotea njiani, zikiwa na taarifa za watu wapatao milioni 25 wa familia zinazopokea posho ya watoto. CD hizo zilikuwa na nywila. Hazikuwa zimesimbwa.

"Siku hizi Windows inasimba kila kitu yenyewe."

Kompyuta nyingi mpya zenye Windows 11 husimba diski ya ndani zenyewe. Diski ya nje haimo katika mpango huo. Tena faili likitoka kwenye diski iliyosimbwa kwenda kwenye diski isiyosimbwa, linafika likiwa wazi kabisa, kwa sababu Windows hulifungua wakati wa kulisoma.

Kwa hiyo diski ya nje inasimbwa kwa makusudi. Kwenye Windows Pro, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya diski, chagua "Turn on BitLocker" (BitLocker ni zana ya Windows ya kusimba diski), weka nywila, kisha hifadhi ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48. Utaulizwa kama usimbe nafasi iliyotumika tu au diski nzima. Diski mpya kabisa inatosha nafasi iliyotumika. Diski iliyokwisha kutumika isimbe nzima, maana mafaili uliyoyafuta bado yamo katika nafasi inayoonekana tupu, na usipoisimba yatabaki yanasomeka. Jipe muda: diski ya TB 1 inayozunguka, yenye kasi ya MB 100 kwa sekunde, huhitaji karibu saa tatu kusomwa tu, na kila kinachosomwa lazima kiandikwe upya. Panga kazi hii usiku, chaja ikiwa imechomekwa. Ukilazimika kukatisha, tumia kitufe cha kusitisha, usichomoe waya.

Windows Home inaweza kufungua diski ya BitLocker lakini haiwezi kuitengeneza. Hapo tumia VeraCrypt, programu ya kusimba ambayo ni ya bure na hufanya kazi Windows, Mac na Linux. Mwenye Mac akubali kusimba nakala pale Time Machine, programu ya Mac ya nakala rudufu, inapouliza wakati wa kuongeza diski. Mwenye Linux ana LUKS, mfumo wake wa kusimba diski.

"Niliinunua ikiwa na usimbaji ndani, hivyo sihitaji zaidi."

Huenda ni kweli, lakini ahadi iliyoandikwa kwenye boksi haitoshi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi, walionyesha kuwa SSD (diski zisizozunguka) kadhaa za Crucial na Samsung zilifunguka bila nywila sahihi kwa sababu ya kasoro katika usimbaji wa diski zenyewe. BitLocker wakati huo ilikuwa ikiziachia diski za aina hiyo kazi yote. Mwaka 2019 Microsoft ilibadilisha utaratibu, na BitLocker ikaanza kusimba kwa programu yake. Nasi tunapendekeza hivyo hivyo: weka usimbaji wa programu juu ya diski hiyo.

"Nywila ya tarakimu nane inatosha, hata simu inafungwa kwa nne."

Simu humzuia anayekosea mara nyingi. Diski haina wa kumzuia mtu. Aliyeiba huinakili, kisha kompyuta zake hujaribu usiku na mchana, wewe bila kujua. Tarakimu nane ni michanganyiko milioni 100 tu, idadi ndogo kwa mashine, na tarehe ya kuzaliwa hupunguza zaidi. Chukua maneno sita yasiyohusiana, yaliyochaguliwa kwa bahati nasibu na si kwa kupenda kwako: fungua kamusi bila kuangalia, weka kidole, andika. Methali au mstari wa wimbo unaojulikana haufai, kwa kuwa wanaovunja nywila nao wana orodha za semi. Usitumie pia nywila ya barua pepe.

Kama laptopu yenyewe haijasimbwa, usiwashe chaguo la kuifungua diski bila kuulizwa nywila. Ufunguo utabaki ndani ya laptopu hiyo, na vitu hivi viwili mara nyingi huibwa vikiwa kwenye begi moja.

"Ikisimbwa, hata virusi haviiwezi."

Hapa ndipo watu wengi waangalifu huumia. Usimbaji humzuia asiye na ufunguo. Ukishaandika nywila, diski iko wazi kwa kila programu inayoendeshwa kwenye akaunti yako, zikiwemo zile zinazofunga mafaili na kudai fedha. WannaCry, iliyosambaa Mei 2017, ilifunga pia mafaili ya diski za nje zilizokuwa zimechomekwa.

Chomeka diski wakati wa kunakili, itoe kwa utaratibu mara kazi ikiisha, iweke mbali. Ukiweza kuwa na mbili, zipokezane: moja iwe nyumbani, nyingine ofisini au kwa ndugu. Zisiwe zimechomekwa pamoja hata siku moja.

"Nikisahau nywila, fundi atafungua."

Hatafungua. Fundi anayeahidi hivyo atafomati diski na kukurudishia ikiwa tupu. Ufunguo wa kurejesha uchapishe kwenye karatasi, uweke jengo tofauti na lile la diski. Karatasi iliyobandikwa nyuma ya diski ni sawa na kutofunga.

Kuna ajali nyingine inayopoteza data huku nywila ikikumbukwa vizuri. Diski iliyosimbwa nzima kwa VeraCrypt ikichomekwa kwenye Windows, Windows haiitambui na hupendekeza ifomatiwe. Mtu wa nyumbani anakubali kwa nia njema. Mwanzoni mwa diski ndipo kilipo kichwa, sehemu ndogo inayobeba ufunguo uliofungwa kwa nywila yako. Kikiharibika, nywila pekee haikusaidii. VeraCrypt huweka nakala ya kichwa mwishoni mwa diski, lakini hifadhi nyingine pembeni kupitia menyu ya "Tools". Kwa LUKS, ikiwa Linux inaiita diski yako sdb1, andika amri hii:

sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sdb1 --header-backup-file kichwa.img

Linda faili hilo. Ukibadilisha nywila baadaye, kichwa cha zamani bado hukubali nywila ya zamani, kwa hiyo kifute na utoe kipya. Na iandike diski kwa kalamu ya wino mzito: USIFOMATI.

"Nimefomati, sasa naweza kuiuza."

Fomati ya haraka hufuta orodha ya mafaili na kuyaacha mafaili yenyewe. Programu za bure huyarudisha. Diski inayozunguka ifanyie fomati kamili, ambayo Windows huandika sifuri mwanzo hadi mwisho. Kama ilisimbwa nzima tangu siku ya kwanza, mnunuzi hawezi kurudisha kitu kinachosomeka.

"Hayo ni ya benki, mimi nina duka la kuchapa tu."

Duka la kuchapa lina vivuli vya vitambulisho vya mtaa mzima. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya 2019 na Tanzania ina yake ya 2022, na zote zinamhusu anayeshika taarifa za wengine, si benki pekee.

Ukishasimba, ipeleke diski kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona. Ikidai nywila, iandike, fungua faili moja la zamani na moja la wiki hii. Rudia kila baada ya miezi mitatu, na mara moja kati ya hizo tumia ufunguo wa kurejesha badala ya nywila, kuona kama karatasi bado inasomeka na tarakimu zote 48 zipo.