Namba inavyostaafishwa kwenye besiboli, simulizi ya mtu wa stoo

Namba ya besiboli ukiifumua haitoki yote. Hilo nililijifunza wiki ya kwanza tu nilipoanza kazi ya kushona jezi kwenye timu moja ndogo huku Marekani, zile timu ambazo wachezaji wanasafiri kwa basi usiku kucha na msosi ni mkate na siagi ya karanga. Mchezaji mmoja kaachwa asubuhi, mwingine anatua airport saa nane mchana, mechi saa moja usiku, na jezi ya saizi yake ni ileile moja. Basi nikachukua kiwembe nikaanza kufumua 38 mgongoni. Namba zile sio za kupigwa pasi kama hizi za kwenye jezi za mtaani, ni kitambaa kigumu cha twili, tabaka mbili, rangi juu ya rangi, zimeshonwa pembeni kwa zigizaga ya karibu karibu. Nimefumua saa nzima, nikashona 17, nikajiona fundi. Taa za uwanja zilipowaka, ile 38 ikaonekana pale pale chini ya 17, matundu ya sindano yamekaa kwa mstari na kitambaa kilichokuwa kimefunikwa bado cheupe kuliko kingine. Mzee niliyekuwa namsaidia, mtunza vifaa wa siku nyingi, alicheka mpaka akakaa chini.

Naanzia hapo kwa sababu kila nikisema nafanya kazi gani, watu wa nyumbani wananiuliza kitu kimoja, hivi ni kweli Wamarekani wanastaafisha jezi, yaani namba ya mtu haivaliwi tena milele? Ni kweli. Ila wengi wanadhani kuna sheria, kuna kamati imekaa mahali inapiga kura. Hakuna. Kwenye ligi kuu, MLB, kila klabu inajiamulia yenyewe, kwa vigezo vyake, na saa ingine vigezo vyenyewe vinavunjwa wakimpenda mtu. Ligi nzima imestaafisha namba moja tu, nitaifikia.

Kwanza ujue namba zenyewe zimechelewa kuja. Besiboli imechezwa miaka na miaka watu wakiwa na migongo mitupu, shabiki anamjua mchezaji kwa sura au kwa mahali anaposimama. Cleveland walijaribu kuweka namba kwenye mkono wa jezi mwaka 1916, haikukaa. Mwaka 1929 ndo Cleveland na Yankees wa New York wakaweka mgongoni moja kwa moja, na Yankees walizigawa kwa mpangilio wa kupiga, yaani anayepiga wa kwanza anapewa 1, wa pili 2, na kuendelea. Kwa hiyo Babe Ruth alikuwa 3 kwa sababu alikuwa anapiga wa tatu, na Lou Gehrig 4 kwa sababu alikuwa anamfuata. Basi. Hakuna nyota wala bahati wala tarehe ya kuzaliwa, ni foleni tu.

Na ushahidi kwamba mwanzoni hakuna aliyeona namba kama kitu kitakatifu ni huu hapa, Ruth alipoondoka Yankees mwaka 1935, namba 3 haikupumzika hata kidogo, akapewa George Selkirk aliyechukua nafasi yake uwanjani. Hebu fikiria presha hiyo, umechukua nafasi ya mchezaji mkubwa kuliko wote na umepewa na jezi yake juu. Ya Ruth ilikuja kustaafishwa Juni 1948, mwenyewe akiwa mgonjwa hoi, akafariki Agosti mwaka huohuo.

Aliyefungua mlango ni Gehrig. Alikuwa amecheza mechi 2,130 mfululizo bila kukosa hata moja, alafu mwili ukaanza kumgomea, mpira aliokuwa anaupiga mbali ukawa haufiki popote. Kumbe ni ugonjwa wa neva unaoua misuli taratibu, ambao mpaka leo Marekani wanauita kwa jina lake. Tarehe 4 Julai 1939 wakamfanyia siku yake Yankee Stadium, akasimama mbele ya maiki akasema anajiona mtu mwenye bahati kuliko wote duniani, na namba 4 ikawekwa pembeni. Ndo ya kwanza kwenye ligi kuu. Na kwa sababu zile namba zilikuwa bado mpya, hakuna Yankee mwingine yeyote aliyewahi kuivaa ile 4, kabla yake wala baada yake. Mimi kama mtu wa sindano hiyo inanipendeza kuliko takwimu zake zote, jezi isiyo na matundu ya mtu mwingine.

Sasa 42. Jackie Robinson aliingia uwanja wa Ebbets Field, Brooklyn, tarehe 15 Aprili 1947, mtu mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu baada ya miongo mingi ya weusi kufungiwa nje wakawa na ligi zao wenyewe. Matusi aliyoyala msimu ule sitayarudia hapa. Dodgers walistaafisha 42 yake Juni 1972, miezi michache tu kabla hajafariki, na hiyo ilikuwa heshima ya klabu yake kama kawaida. Miaka 25 ikapita. Tarehe 15 Aprili 1997, miaka 50 kamili, kaimu kamishna wa ligi, Bud Selig, akasimama uwanja wa Shea, New York, Rais Clinton yupo pale, akatangaza kwamba 42 imestaafishwa kwa timu zote za ligi kuu. Hata timu ambazo hazikuwepo Robinson alipokuwa anacheza, hata zile zilizomtukana.

Lakini kulikuwa na watu wameshaivaa tayari, utawafanyaje? Wakaruhusiwa kumaliza nayo. Wakapungua mmoja mmoja, huyu kastaafu, yule kaachwa, mpaka akabaki mmoja tu, Mariano Rivera wa Yankees, yule mrushaji wa Panama aliyekuwa anaingia dakika za mwisho kufunga mechi. Kila mtu akajua huyu akimaliza, imeisha. Akamaliza 2013, Yankees wakaistaafisha kwake pia, kwa hiyo pale kwao 42 ina wenyewe wawili.

Alafu kikatokea kitu ambacho mimi hakinichoshi. Mwaka 2007 Ken Griffey Jr. aliomba ruhusa aivae 42 siku moja tu, tarehe 15 Aprili, kumuenzi Robinson. Akakubaliwa, wengine nao wakataka, na toka 2009 siku hiyo kila mtu anavaa 42, wachezaji, makocha, mpaka waamuzi. Timu 30, kila moja ina wachezaji 26, wote 42. Watangazaji wanahangaika, ukiwasha TV katikati ya mechi humjui mtu. Namba isiyovaliwa na yeyote mwaka mzima inavaliwa na kila mtu siku moja. Nani alikaa akawaza kwamba hivi ndo itaenda? Hakuna, ilianza na mtu mmoja kuomba.

Mtu wa mpira wa miguu ataniuliza, mbona kwetu hili halikai sana? Napoli wameiweka pembeni 10 ya Maradona, sawa, ila Argentina walipotaka kufanya hivyo timu ya taifa kwa Kombe la Dunia 2002 FIFA wakakataa, kule namba lazima zianze moja zifuatane bila pengo, na 10 akaivaa Ariel Ortega. Besiboli ina nafasi, unaweza kuvaa chochote kuanzia 0 mpaka 99. Ila nafasi yenyewe sio kubwa unavyodhani maana kocha mkuu na wasaidizi wake nao wanavaa jezi zenye namba, hawakai na suti, na kambi ya kabla ya msimu inajaa vijana wa majaribio kila kona. Yankees wamefika mahali namba zote kuanzia 1 mpaka 9 zimekwisha, ya mwisho ilikuwa 2 ya Derek Jeter, Mei 2017. 8 imestaafishwa kwa watu wawili kwa mpigo, Bill Dickey na Yogi Berra, wote wadakaji, mmoja alimfundisha mwenzake kazi. Ukijumlisha na zile kubwa zimepita 20. Ndo maana unamuona Aaron Judge na 99, namba ambayo kwa kawaida anapewa kijana wa kambini ambaye hakuna anayetegemea atabaki. Yeye akabaki nayo, na siku moja nayo itatoka kwenye hesabu.

Vituko navyo vipo vingi. Cleveland wamestaafisha 455, ndio mia nne hamsini na tano, kwa ajili ya mashabiki wao waliojaza uwanja mechi 455 za nyumbani mfululizo kati ya 1995 na 2001. St. Louis walistaafisha 85 kwa mmiliki wao kwa sababu alikuwa anatimiza miaka 85. Mmiliki! Mtu hajashika hata rungu. Na Marlins wa Florida walianza maisha yao 1993 wakiwa wameshastaafisha 5 kabla ya mechi ya kwanza, kumuenzi rais wao aliyefariki kabla timu haijaanza, ilikuwa namba ya mchezaji aliyempenda, Joe DiMaggio, ambaye hakuwahi kuchezea Marlins hata siku moja. 2012 walipohamia uwanja mpya wakaifumua, wakampa mchezaji, yule rais wakamuwekea kibao ukutani. Unaona sasa, kustaafisha sio kaburi la milele, linafukuliwa.

Mjadala mkubwa uliopo ni wa 21. Roberto Clemente wa Pittsburgh, kutoka Puerto Rico, alimaliza msimu wa 1972 akiwa na hiti 3,000 kamili, yaani mara 3,000 kapiga mpira akafika kituoni salama, na usiku wa mkesha wa mwaka mpya akapanda ndege iliyojaa msaada wa tetemeko la Nicaragua, ndege ikaanguka baharini, mwili haukuonekana. Pirates wakastaafisha 21 mwanzo wa msimu uliofuata, na uwanja wao wa sasa ukuta wa upande wa kulia, upande aliokuwa anacheza yeye, una urefu wa futi 21. Wengi wanataka ligi nzima iistaafishe kama 42. Mimi niko na wale wanaosema hapana, na sio kwa kumpunguzia heshima. Wachezaji wa Puerto Rico sasa wanaruhusiwa kuivaa siku ya Clemente kila Septemba, wakiwa timu yoyote ile, na ukiona kijana anavyoivaa ile jezi, anaigusa kwanza kwa kiganja mgongoni kabla hajaingiza mikono, hutaki kuifungia kabatini.

Ila ukiniuliza namba gani naipenda kuliko zote, ni 34 ya Dodgers, walewale wa Robinson, ambao baadaye walihama Brooklyn wakaenda Los Angeles. Fernando Valenzuela, kijana wa kijijini Sonora, Mexico, mnene kidogo, anarusha kwa mkono wa kushoto huku anaangalia mbinguni, aliibuka 1981 akachukua tuzo ya chipukizi bora na ya mrushaji bora mwaka uleule, hajatokea mwingine. Wamexico wa Los Angeles ambao walikuwa hawataki hata kuusikia uwanja ule, maana familia nyingi za Kimexico zilifukuzwa kwenye bonde lile kabla haujajengwa, wakaanza kuujaza. Sasa Dodgers walikuwa na kanuni yao, hatustaafishi namba ya mtu ambaye hajaingia Jumba la Heshima la besiboli kule Cooperstown, wanakowekwa magwiji, na Valenzuela hakuingia. Waliwahi kuivunja mara moja, kwa Jim Gilliam mwaka 1978, basi. Kwa hiyo kwenye karatasi 34 ilikuwa huru kabisa, yeyote angeweza kupewa.

Na hakupewa mtu. Valenzuela aliachwa 1991, na miaka zaidi ya 30 hakuna Dodger aliyevaa 34. Hakukuwa na tangazo wala kibao, walikuwa watu wa stoo tu. Mchezaji mpya anakuja anaomba 34, anaambiwa chagua nyingine. Agosti 2023 ndo klabu ikaja kuistaafisha rasmi, Valenzuela akiwepo mwenyewe, na mwaka uliofuata Oktoba akafariki. Watu walishangilia ile sherehe kama kwamba kuna kitu kinaanza siku ile.

Kwenye ile timu yangu ndogo ipo 12. Ya mchezaji mmoja aliyekaa pale misimu tisa, ambayo kwenye ligi za chini ni kama umezeekea mlangoni, hakuwahi kuitwa juu hata kwa wiki. Hakuna anayemjua nje ya ule mji. Yule mzee aliikunja akaiweka rafu ya juu kabisa kwenye mfuko wa nailoni, hakunieleza kitu, na mimi sikuuliza, nilijua tu wakati wa kugawa kwamba ile haiguswi. Mzee ameshastaafu. Msimu uliopita akaja dogo mmoja, mrefu, mpole, akaangalia karatasi ya namba zilizobaki akaniambia naona 12 haina mtu, naomba hiyo, ndo niliyovaa toka shule.

Nikamwambia imechanika. Akachukua 31.